Chuma cha Nyonga Nilichokisugua

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, kisha nikatolewa kwenda kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwenye kutafuta maneno makubwa humu hatayapata. Naandika habari ya kosa nililolifanya kwa mikono yangu miwili, tena naliandika mimi mwenyewe kwa sababu pale sokoni wameshaanza kulisimulia vibaya. Wanasema nilichemsha chuma cha hospitali pamoja na maharage. Sikuchemsha. Nilisugua.

Kwanza mjue namna ninavyosugua. Sufuria yangu ukiigeuza unajiona uso kwenye kitako. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, pembeni ya ziwa: majivu makavu, mchanga mwembamba unaookotwa pale maji yanapofika na kurudi, nusu ya limau, na kipande cha kikwembe, yaani kitenge, kilichozeeka. Unaanza kitakoni, penye moshi, ungali na nguvu. Ubavu na mdomo unamalizia. Wasichana wa siku hizi wanaanza mdomoni, kwa kuwa ndiko kunakoonekana. Wakifika kitakoni mkono umechoka. Wanaiweka sufuria juu ya meza, imekaa vizuri, na mgeni anasema, lo, nyumba hii ni safi.

Mkamwana wangu alikuwa mmoja wao.

Aliolewa na mwanangu wa mwisho, akaja kukaa kwangu, maana mwanangu anafanya kazi Bendera kwenye mitambo ya umeme, na anashuka Kalemie mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Siku aliyoingia nilimpa sufuria niliyoisugua mwenyewe tangu asubuhi. Ndani ya jamaa yetu, sufuria ya kwanza ya bibi arusi inasuguliwa na mama mkwe. Hakuna mwingine anayeigusa mpaka ing'ae. Ukishamsugulia, umempokea. Mambo ya kukumbatiana na kuambiana maneno matamu hatuna. Aliipokea kwa magoti, akashukuru. Baada ya majuma mawili nikaigeuza ile sufuria. Kitako cheusi. Nikamwambia. Akasugua. Ikawa nyeusi tena, nikamwambia tena. Tulienda hivyo miaka sita.

"Sisi tunakula ya ndani, mama," alikuwa akinijibu. "Ya inje ni ya moto."

"Na wewe ukienda kanisani unavaa mbele tu? Nyuma unamwachia nani?"

Anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo pia lilikuwa linaniudhi.

Mwaka wa tano akazaa mtoto wa kike, na baada ya uzazi ukaanza mguu. Mkamwana mwenyewe alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaoumiza mifupa. Wazazi wake hawakutuficha, tulimwoa tukijua. Safari hii maumivu yalikaa kwenye nyonga ya kuume yakagoma kutoka. Akaanza kutembea kama mtu anayevutwa upande na bido la maji, hata akiwa mikono mitupu. Mimi nilisema ni uvivu. Naliandika neno hilo kwa sababu nililisema, tena mbele ya majirani.

Hakuweza kumbeba mtoto. Akimfunga mgongoni kwa kikwembe, hatua tatu, anashika ukuta. Basi mtoto akabebwa na mimi. Ikafika mahali mtoto akilia anatafuta mgongo wangu, na mama yake amekaa pale pale kwenye kigoda anaangalia. Hakulalamika. Siku moja tu, nilipokuwa nakaza fundo la kikwembe kifuani, akaniambia, "Mama, mimi nimemubeba tumboni tu." Akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Hapo ndipo nilipoacha kusema uvivu.

Wakati ule dokta wa mifupa alikuwa anatoka Lubumbashi. Anakuja, anakaa majuma mawili, anapasua waliomngoja, anaondoka. Ni mwanamke mfupi, wa miwani, asiyepandisha sauti. Aliweka picha ya mifupa mbele ya dirisha akatuonyesha: kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachozunguka ndani ya nyonga, kilikuwa kimekufa na kubonyea upande mmoja, kama muhogo ulioanza kuoza. Dawa yake ni kukikata na kuweka cha chuma. Vitu vingine alikuwa navyo, bakuli linalokaa nyongani na kichwa kinachozunguka ndani yake. Kilichokosekana ni shina, yaani ule mti wa chuma unaoingia ndani ya mfupa wa paja na kubeba vyote. Mifupa ya mkamwana wangu ni myembamba, na shina la saizi yake, la aina aliyoitaka dokta, halikuwamo katika sanduku lake. Akaandika kwenye karatasi aina na kipimo.

"Mukilipata mbele sijarudi," akasema, "nitamupasua yeye wa kwanza."

Mwanangu akahangaika na ile karatasi kwa telefone. Rafiki yake wa Dar es Salaam akalipata. Likapanda gari moshi mpaka Kigoma, likavuka ziwa ndani ya mizigo ya mama mmoja mfanyabiashara ambaye tumeuziana samaki tangu tukiwa hatuna mvi. Lilifika siku mbili kabla ya siku ya kupasuliwa, dokta akiwa ameshafika mjini.

"Hii njo nyonga ya mukamwana wako," mwenzangu akaniambia pale bandarini, akinipa boksi dogo lililofungwa ndani ya khanga. "Njia yote nimelala nayo kichwani."

Nikakaa juu ya gunia, nikatoa kisu.

"We mama! Hata mguu wa muntu unaufungua kama gunia la ndagala?"

"Wewe umeniletea gunia gani ambalo sikukuta mchanga chini yake?"

Akapiga makofi, akacheka mpaka wachukuzi wakageuka. "Huyu bibi siku akifika mbinguni atazunguka nyuma kwanza, aangalie kama malaika wamefagia!"

Kwa kuwa watu walikuwa wanatutazama, nikarudisha kisu. Nikalifungulia nyumbani.

Hilo ndilo nataka mlielewe. Nimefanya biashara ya samaki maisha yangu yote, na gunia sijawahi kulinunua bila kutia mkono mpaka chini. Juu watu wanaweka ndagala weupe waliokauka vizuri. Chini ndiko kwenye waliovunjika na waliopigwa na mvua. Na vyuma vya sokoni ni hivyo hivyo. Kitu cha okazo, kimetumika mpaka kimechoka, wanakipaka rangi upande wa mbele na wanakuapia kwamba kimetoka kiwandani jana.

Ndani ya boksi mlikuwa na chombo cha plastiki ngumu, na ndani yake kingine, vyote vimefunikwa kwa karatasi iliyogandishwa. Kulikuwa na maandishi madogo na alama ambazo sikuzijua. Niliosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, maana mimi si mchafu, nikavikata vyote viwili.

Shina lilikuwa na urefu wa kiganja changu na vidole nikivinyoosha, nene juu, jembamba chini, mfano wa msumari mkubwa wa waunda mitumbwi. Jepesi, nililipima mkononi mara mbili. Shingoni liling'aa kama kioo. Kuanzia pale kwenda chini, giza. Kijivu kikavu, kama sufuria iliyounguza bukari, ugali wetu. Nikapitisha kidole, likakwaruza kama ulimi wa paka.

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Hiki ni cha okazo. Kimetolewa kwa mtu mwingine, marehemu labda, wakakisugua shingoni panapoonekana, na walipofika kwenye kazi yenyewe wakachoka. Tabia ile ile. Walianzia mdomoni.

Na kuna jambo la pili, ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Chuma hiki kitaingia ndani ya mkamwana wangu kikae humo. Sufuria ya kwanza nilimsugulia mimi. Hiki nimwachie nani?

Kesho yake, jua likichomoza, nikashuka ziwani na majivu yangu, limau langu na vitambaa. Nilikaa juu ya jiwe langu mpaka wavuvi wakamaliza kuuza na kwenda kulala. Nimesugua masufuria ya harusi na ya matanga, lakini sijaona kitu kigumu kama kile. Nyuzi za kikwembe zilinasa juu yake kama ndevu. Nikizivuta zinakatika, hazitoki. Mchanga ukiingia humo haumwagiki. Nikabadilisha kitambaa mara nne. Nikaongeza limau, nikachukua mchanga mkubwa zaidi, mwisho nikakisaga juu ya jiwe lenyewe. Polepole ncha zikalainika, ikaanza kutokea rangi ya fedha hapa na pale.

Mama mmoja aliyekuwa anafua karibu yangu akaniuliza nasugua nini.

"Mguu," nikamjibu.

Akahamisha beseni lake.

Nilikisuuza, nikakianika juani, nikakifunga ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Zile plastiki na karatasi niliwashia moto wa jiko. Mkamwana wangu sikumwonyesha. Nilitaka atoke salama kwenye kupasuliwa ndipo nimwambie, hicho kilicho ndani yako nimekisafisha mimi, na kitako chake pia.

Siku ya kupasuliwa tulienda kwa pikipiki mbili, yeye nyuma ya moja, mimi na kifurushi nyuma ya nyingine. Mtoto tulimwacha kwa jirani. Mkamwana akavishwa gauni la hospitali, akakaa kwenye benchi la koridoni. Mimi nikaitwa ndani ya biro, ofisi ndogo ambako dokta alikuwa anapanga vitu vyake pamoja na muuguzi mmoja mzee, mwenye mdomo usiotulia. Nikaweka kifurushi mezani.

Dokta akafungua kitambaa. Hakukigusa chuma. Akabaki ameshika ncha za kitambaa hivi, kama mtu aliyefunua kitanda cha mtoto.

"Mama, plastiki yake iko wapi?"

"Nilichoma."

"Nani alifungua?"

"Mimi. Nimekisugua pia. Walikuwa wamekisugua nusu."

Muuguzi akanyoosha shingo akaangalia. "Dokta, hiki tunaweza kukikaangia mayai." Dokta akamtazama juu ya miwani, naye akarudi kwenye mikasi yake.

Nikasema, "Kama nimekosa, niambie. Mimi si mtoto."

Dokta aliinama kwenye sanduku lake akatoa chombo cha plastiki kama kile nilichokikata, kizima, hakijafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na shina kubwa, la mgonjwa mwingine, mwanaume mwenye mifupa minene. Akaniwekea mkononi. "Hiki ni kipya, mama. Hakuna muntu amekivaa." Nikatazama kupitia plastiki. Shingo inang'aa. Chini, kijivu kikavu. Kimeungua vile vile, mpaka mwisho.

Nikatafuta kiti.

"Hapa pa giza pameunguzwa kwa makusudi," dokta akasema. "Chuma chenyewe kinaitwa titani, mwili haukikatai. Lakini kikiwa laini, mfupa hauna pa kushika. Kwa hiyo kiwandani wanapitisha mwanga juu yake, wanauita lazeri, mwembamba kuliko unywele wako. Ukigusa chuma, kinayeyuka pale pale tu, kinabaki kishimo. Halafu kishimo kingine pembeni, na kingine, mustari kwa mustari, mashini inahesabu yenyewe."

Akanionyesha picha kwenye telefone yake, imekuzwa. Ilikuwa kama shamba lililopandwa mihogo ukiliangalia kutoka mlimani: matuta, mabonde, matuta, yote sawasawa. Sikuamini kwamba mambo hayo yote yalikuwa juu ya kitu nilichokishika.

"Mfupa ni kitu kinachokua. Ukikuta hivi vishimo unaingia ndani yake, unakamatana nacho, kinakuwa kitu kimoja. Ukikuta laini unasimama mbali, katikati panajaa nyama ngumu, na mguu unacheza."

"Na shingoni mbona wameacha?"

"Shingoni hatutaki mfupa ushike."

Walikuwa wamemaliza kazi yao, kumbe. Waliacha panapotakiwa kuachwa.

Nilikuwa na mume, ameshatangulia. Alikuwa fundi wa kujenga, alijifunza kazi Kabimba, kule wanakotengeneza saruji. Nyumba yetu ya kwanza ya matofali aliijenga mwenyewe, kuta zikanyooka, zikawa laini kama meza. Asubuhi moja nikamkuta na shoka chakavu anaupiga ukuta, kah, kah, kah, anauchimba vidonda kila mahali. Nikampigia kelele kwamba anaharibu nyumba yangu. Hakugeuka. Akasema, "Nikipaka juu ya laini, mvua mbili tu utaniokota saruji hapa chini kama maganda." Ukuta ule umesimama mpaka leo, na lipu yake. Mimi niliyeyaona hayo kwa macho yangu, nilichukua ukuta wa watu uliokwisha kuchimbwa vizuri, nikaupiga laini, na mchanga nikauacha umejaa kwenye vishimo.

"Ukikichemsha?" nikauliza.

"Mchanga hautoki, mama. Na vishimo vingi havipo tena."

Muuguzi akajikohoza, akasogea karibu yangu, na sasa hakuwa anatania. "Mama, yule binti nje hana haja ya kujua mambo ya majivu. Tutamwambia kifaa kilikuja kibaya. Vitu vinavunjika njiani kila siku."

Alikuwa ananihurumia. Na mimi, nisiwadanganye, nilikaa pale nikalipima neno lake, kama lile shina, mara mbili. Halafu nikafikiria yule mwenzangu wa bandarini aliyelala na boksi kichwani, kwamba kosa litamwangukia yeye, na rafiki wa mwanangu kule Dar es Salaam pia. Nikasimama.

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema. "Dokta, uje, kwa sababu mambo ya mwanga sitayaweza."

Mkamwana wangu alikuwa ametandaza kikwembe magotini, mikono juu yake. Alipoona tunatoka wote alijua kuna kitu. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote, boksi, kisu, okazo, majivu, limau, jiwe, nyuzi zilizokuwa zinanasa. Dokta akasema habari ya mwanga na vishimo. Kwenye benchi lile walikuwapo wagonjwa wengine wawili na jamaa zao, nao wakasikia. Ndiyo maana habari ilifika sokoni mbele yangu.

Mkamwana aliitazama mikono yangu.

"Mama," akasema, "ulisugua na kitako?"

"Nilisugua na kitako."

"Miaka sita unanisema mimi sisugui kitako." Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikajua sasa analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, machozi yakamtoka, na mwisho sikujua tena ni kicheko au ni kitu kingine. Wale wagonjwa wakaangalia ukuta, kwa adabu.

Alipotulia, dokta akachuchumaa mbele yake. Akasema analo shina lingine la saizi yake, laini lote, ambalo halingoji mfupa. Linashikizwa kwa saruji.

"Saruji ya Kabimba?" mkamwana akauliza, akifuta macho.

"Hapana, ya hospitali." Hata dokta akatabasamu. "Linafanya kazi, leo ungetoka nalo. Lakini wewe una miaka ishirini na saba. Saruji inaweza kuachia ukiwa bado na nguvu, na kupasua mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Au unangoja, tunatafuta lingine kama lile. Mimi narudi mvua zikiisha."

Mvua zilikuwa hazijaanza hata.

"Mvua zikiisha mutoto atakuwa na miaka miwili na nusu," mkamwana akasema, kama anajisemea. "Atakuwa muzito."

Nilijua anapima nini. Alikuwa anapima mgongo wake. Akanigeukia.

"Mama, ungekuwa wewe?"

"Usiniulize mimi. Mimi ndiye niliyekisugua."

"Njo maana nakuuliza. Humu ndani hakuna mwingine alikishika. Kilikuwa kinashika kweli?"

Nikafikiria zile nyuzi. "Kilikuwa kinashika," nikamwambia. "Uzi ulikatika, haukutoka."

Akakunja kikwembe chake mara mbili, akakiweka begani.

"Basi nitangoja."

Jioni nilimpigia mwanangu kule Bendera. Alinyamaza mpaka nikadhani umeme umekatika, na yeye ndiye mwenye umeme. Mwisho akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya baba yake, na hiyo iliniuma kuliko matusi.

Tukaingia katika mvua. Maji nikachota mimi, kuni mimi, mtoto mgongoni mimi, masufuria mimi. Mkamwana alikaa kwenye kigoda akikata sombe na kumenya mihogo, na maumivu yakimzidi anauma ncha ya kikwembe na kungoja yapite. Nilimwona sasa. Miaka yote alikuwa anafanya hivyo, nami nilikuwa naangalia masufuria. Mwezi wa tatu, siku moja, nilirudi kutoka ziwani mikono haina nguvu, nikaweka sufuria mezani imekaa. Akanyoosha mkono, akaigeuza.

"Mama," akasema. "Kitako."

Nikamrushia kitambaa.

Shina la pili lilikuja kwa njia ile ile, na mwenzangu yule yule. Safari hii aliponiona bandarini alikumbatia boksi kwa mikono miwili. "Wewe, hapana! Wewe hapana kabisa!" Akatembea nalo mwenyewe mpaka hospitali, juu ya kichwa, mimi nafuata nyuma kama mshitakiwa, na kila aliyemuuliza amebeba nini alimjibu kwa sauti kubwa. Nilikubali. Dokta alipolipokea alinisogezea, akaniambia niangalie kama wamesugua vizuri. Niliangalia kupitia plastiki. Giza mpaka mwisho. Nikamwambia liko vizuri.

Mkamwana alipasuliwa asubuhi, kabla jua halijawa kali, akatoka mchana. Siwezi kuwasimulia yaliyofanyika ndani kwa sababu sikuwepo. Nilikaa kwenye benchi lile lile nikaweka mikono yangu magotini, nikaikataza kufanya kitu.

Magongo mawili, halafu gongo moja. Dokta alikuwa amemkataza kubeba mzigo wowote mpaka apige picha nyingine. Picha ikapigwa dokta aliporudi tena. Akaiweka mbele ya dirisha, akanionyesha shina jeupe, na mfupa umelikalia pande zote bila mstari wa giza katikati. "Umeshika," akasema. Kile cha kwanza alinirudishia ndani ya kitambaa changu. Kipo jikoni, kinazuia dirisha lisipigwe na upepo wa ziwa.

Siku aliyoruhusiwa kubeba, mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu. Watoto wa umri huo wanatembea wenyewe, na miguu yake ilikuwa inaning'inia. Mkamwana aliinama uani, akamweka mgongoni, akavuta kikwembe. Mtoto akapiga yowe. Hakuutambua mgongo ule. Akanyoosha mikono kwangu, akaita, bibi, bibi.

Mikono yangu ilishakwenda mbele. Nikairudisha. Nikaingia ndani ya nyumba, nikafunga mlango.

"Mama, anakataa!" mkamwana akaita kutoka nje.

"Shusha kikwembe kidogo, ukaze fundo. Mimi sipo."

"Anakutafuta!"

"Mwambie bibi amekwenda sokoni."

Nilisimama nyuma ya ule ukuta wa mume wangu. Mtoto alilia sana, baadaye akalia kidogo. Halafu nikasikia hatua. Moja. Mbili. Ya tatu, nikangoja mkono uguse ukuta. Haukugusa. Zikaendelea, polepole, zikazunguka jiko, zikaelekea upande wa njia, na yule mtoto amenyamaza.